Vijidudu vya Chakula Vilivyozoea Dawa na Dhiki: Mashauri kwa Wafugaji wa Ng'ombe na Kuku

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, au kuku ishirini au mia, ambaye hula mazao ya mifugo yake pamoja na jamaa zake na kuuza yanayobaki. Yaliyomo si mambo ya wataalamu peke yao. Yahusu ndoo yako ya kukamulia, chupa ya dawa iliyo rafuni mwako, na sufuria iliyo jikoni mwako. Isome yote, kisha msomee jirani asiyejua kusoma.

HABARI YA KUPE NA JOSHO

Wafugaji wa Afrika wanayo habari moja ya zamani ambayo yafaa ikumbukwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walianza kuogesha ng'ombe katika majosho yaliyotiwa dawa ya arseniki, ili kuua kupe. Dawa ile ilifanya kazi njema kwa miaka mingi. Lakini katika miaka ya 1930, huko Afrika Kusini, kupe wa buluu walionekana wakitoka joshoni wazima, kana kwamba wameogeshwa kwa maji matupu. Ikawa lazima kutafuta dawa nyingine, na baadaye nyingine tena.

Je, nini kilitokea? Kati ya maelfu ya kupe walikuwamo wachache waliozaliwa wagumu kuliko wenzao. Dawa iliua walio dhaifu. Wagumu wakabaki, wakazaa, na watoto wao wakarithi ugumu ule ule. Miaka ikapita, na mwisho wake wagumu wakawa wengi na dhaifu wakawa wachache. Mambo hayo hayo yanatokea leo kwa viumbe vidogo zaidi sana kuliko kupe, navyo ni vijidudu vilivyomo katika maziwa, nyama na mayai.

VIJIDUDU VYENYEWE

Vijidudu hivi huitwa bakteria. Havionekani kwa macho ila kwa hadubini. Wala si vyote vilivyo vibaya. Viko vinavyogandisha maziwa yakawa mtindi, na viko vinavyokaa tumboni mwa ng'ombe na kumsaidia kuyeyusha majani. Bila hivyo ng'ombe angekufa kwa njaa katikati ya malisho. Lakini viko vingine viletavyo kuhara, kutapika na homa, na majina yao makubwa ni Salmonela, Kampilobakta, Listeria, na baadhi ya vile viitwavyo E. koli. Hivyo huweza kukaa ndani ya matumbo ya ng'ombe au kuku aliye mzima kabisa, asionyeshe dalili yo yote. Kisha huingia katika maziwa kwa njia ya kinyesi kilichoshika chuchu, katika nyama kwa kisu kichafu, na katika mboga kwa samadi mbichi.

Kijidudu kikipata joto, maji na chakula, chaweza kugawanyika kuwa viwili katika muda wa dakika 20 hivi. Hesabu mwenyewe: viwili huwa vinne, vinne huwa vinane, na baada ya saa 8 kile kimoja kimekwisha kuwa zaidi ya milioni 16. Ndiyo sababu maziwa yaliyokamuliwa alfajiri na kuachwa katika joto hata mchana si maziwa yale yale tena.

Hasara yake ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa sababu ya chakula chenye vijidudu au sumu, na watu 420,000 hufa. Katika hao wanaokufa, 125,000 ni watoto wasiotimiza miaka 5. Na katika sehemu zote za dunia, Afrika ni mojawapo ya zile zinazoumia zaidi.

DAWA ZILIVYOPATIKANA, NA ONYO LA KWANZA

Mwaka 1928, katika hospitali moja ya London, Alexander Fleming aliona kwamba ukungu fulani ulioota katika chombo chake uliua vijidudu vilivyokuwa karibu nao. Kutokana na ukungu huo ilipatikana penisilini, nayo ndiyo iliyofungua njia kwa dawa nyingi ziitwazo antibiotiki, au viuavijasumu. Kabla ya dawa hizo mtu aliweza kufa kwa sababu ya kidonda kidogo tu. Leo tumezizoea hata tunazinunua dukani kama chumvi.

Mwaka 1945, Fleming alipopewa Tuzo ya Nobel, hakusifu dawa yake tu. Alionya kwamba si vigumu kuvifanya vijidudu vizoee penisilini: yatosha kuvipa dawa kidogo, isiyofikia kipimo cha kuviua. Onyo hilo lilitolewa wakati dawa yenyewe ingali mpya. Waliolisikia walikuwa wengi, lakini waliolifuata walikuwa wachache.

JINSI VIJIDUDU VINAVYOSHINDA DAWA

Wewe mkulima unajua kazi ya kuchagua mbegu. Ukitaka mahindi yavumiliayo jua, huchukui mbegu kutoka katika kila gunzi. Huchukua za mashina yaliyosimama wakati wa ukame, ukazipanda mwaka ujao. Ukifanya hivyo miaka mingi, shamba lote hugeuka. Basi, ujue kwamba kila mara utoapo antibiotiki bila sababu, au kwa kipimo pungufu, unavifanyia vijidudu kazi hiyo hiyo. Unaondoa vilivyo dhaifu, na kuacha vigumu viwe mbegu. Tofauti ni kwamba mahindi huvunwa mara moja au mbili kwa mwaka, na vijidudu huzaa mara nyingi kwa siku moja.

Tena liko jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Mhindi mgumu hauwezi kumpa mtama ulio jirani ugumu wake, lakini vijidudu vyaweza. Ndani ya vijidudu vingi mna vipete vidogo vya urithi, na kijidudu kimoja huweza kumpa kingine nakala ya kipete hicho, hata kama si vya jamii moja. Wataalamu wa Japani walionyesha jambo hilo mwaka 1959, walipokuwa wakichunguza ugonjwa wa kuhara damu ambao dawa nyingi kwa pamoja zilishindwa kuuponya. Kwa hiyo kijidudu kisichodhuru, kilichojifunza ugumu ndani ya tumbo la kuku wako, chaweza kuupitisha ugumu huo kwa Salmonela, na Salmonela ikaupeleka kwa mtoto wako.

Hapo ndipo penye msiba. Mtoto anahara, anashikwa na homa kali, anapelekwa zahanati. Mganga anampa dawa iliyo sawa na ugonjwa, kwa kipimo kilicho sawa, na dawa haifanyi kazi. Kwa maana vijidudu vile vilikwisha kukutana nayo katika maji ya kuku. Wataalamu waliopiga hesabu za dunia nzima walikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyoshinda dawa. Si wote waliovipata katika chakula, lakini chakula ni mojawapo ya njia.

USHUHUDA WA NCHI NYINGINE

Msomaji asidhani kwamba haya ni maneno ya kutisha watu tu. Nchi zilizotutangulia kwa ufugaji mkubwa zimekwisha kuyaona.

Huko Marekani, katika miaka ya 1990, wafugaji waliruhusiwa kuwatibu kuku kwa dawa za jamii ya fluorokwinoloni, nazo hutumiwa pia kutibu watu. Kuku mgonjwa hakutibiwa peke yake. Dawa ilitiwa katika maji ya kunywa ya banda zima. Baadaye Kampilobakta iliyozoea dawa hizo ikaonekana kwa watu. Mwezi wa Septemba mwaka 2005 serikali ya nchi ile iliipiga marufuku dawa hiyo kwa kuku.

Huko China kolistini ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha nguruwe ili wanenepe upesi. Dawa hiyo ni miongoni mwa zile ambazo waganga huzihifadhi kwa wagonjwa waliokwisha kushindwa na dawa nyingine zote. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba wamekiona kipete cha urithi chenye kuishinda kolistini, katika nguruwe, katika nyama ya sokoni, na kwa wagonjwa hospitalini. Mwaka 2017 China ilikataza kolistini isitumiwe kunenepesha wanyama.

Lakini iko na habari njema. Denmark ilikataza dawa moja ya kunenepeshea, iitwayo avoparsini, mwaka 1995. Miaka michache baadaye vijidudu vilivyozoea dawa ya jamii hiyo vilikuwa vimepungua sana katika kuku wa nchi ile, na ufugaji haukufa. Tangu tarehe 1 Januari 2006 nchi zote za Umoja wa Ulaya zimekataza antibiotiki za kunenepesha mifugo. Basi, mtu akiacha kosa mapema, aweza kuona faida yake.

MAKOSA YA DAWA YAFANYWAYO SHAMBANI

Kosa la kwanza ni kutoa dawa isiyohusiana na ugonjwa. Mdondo wa kuku, ambao wengine huuita kideri, huletwa na virusi, wala si na bakteria. Hakuna antibiotiki iwezayo kuua virusi. Mfugaji atiaye unga wa tetrasaiklini katika maji ya kuku wenye mdondo anatupa fedha yake, kuku wanakufa vile vile, na vijidudu vya matumboni mwa wale waliobaki vinajifunza kuishinda dawa. Kinga ya mdondo ni chanjo. Iko chanjo ya tone moja jichoni, ambayo hurudiwa kila miezi 3, na gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kuku mmoja.

Kosa la pili ni kupunguza kipimo. Tuseme kuna wafugaji wawili, kila mmoja ana ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Wa kwanza anaambiwa na afisa wa mifugo atoe dawa siku tatu. Siku ya pili anaona maziwa yameacha kuwa na mabonge, naye anaiweka dawa iliyobaki kwa ajili ya siku nyingine. Baada ya majuma mawili kiwele kinavimba tena. Anatumia kile kibaki, na safari hii hakuna nafuu. Mwishowe titi moja linakauka. Wa pili anamaliza siku tatu kama alivyoagizwa, anakamua titi lenye ugonjwa mwisho baada ya mengine yote, ananawa mikono, na ng'ombe wake anarudi katika maziwa. Wa kwanza alidhani ameweka akiba ya dawa. Alichokiweka ni akiba ya vijidudu vigumu. Lakini usifikiri kwamba kuzidisha ni dawa ya kupunguza. Kipimo ni kile kilichoagizwa, na siku ni zile zilizoagizwa. Usipunguze wala usizidishe.

Kosa la tatu ni kuuza au kunywa maziwa kabla ya siku za kungoja kwisha. Dawa ikiingia katika ng'ombe haitoki siku ile ile. Huendelea kutoka katika maziwa na kukaa katika nyama. Kila dawa ina siku zake za kungoja, nazo zimeandikwa katika karatasi iliyobandikwa chupani. Usidhani kwamba siku za dawa moja ni sawa na za nyingine. Wala usidhani kwamba kuchemsha kutaiondoa dawa. Moto wa jikoni huua vijidudu, lakini dawa nyingi hubaki. Kama wewe ni mgandishaji wa mtindi, huenda umewahi kuona maziwa yasiyokubali kuganda, ingawa ulitia mbegu ya mtindi kama kawaida. Mara nyingine sababu yake ni dawa iliyomo: imeua vijidudu vyema vya mtindi. Dawa hiyo hiyo hudhuru watu ambao miili yao haipatani na penisilini. Na kiwanda cha maziwa kikiyapima na kuyakuta na dawa, huyakataa, na kama yamechanganywa na ya majirani, hasara ni ya wote.

Maziwa ya siku za kungoja usimpe ndama wala nguruwe. Ukimpa, umempa kipimo pungufu cha dawa kila siku, na hilo ndilo Fleming alilolionya. Yamwage katika shimo lililo mbali na kisima na mto.

DHIKI ZINAZOVIFANYA VIJIDUDU KUWA SUGU

Mpaka hapa tumesema juu ya dawa. Lakini vijidudu vina ugumu wa namna ya pili, ambao watu wengi hawaujui. Ugumu wa kushinda dawa ni wa urithi. Hupita kwa watoto na wajukuu. Ugumu huu mwingine ni wa mazoea. Mfano wake ni mtu wa pwani aendaye kukaa milimani: siku za kwanza hutetemeka, kisha mwili wake huzoea baridi. Kijidudu nacho, kikipatwa na dhiki ndogo isiyokiua, hujitayarisha kwa kubwa. Na tena, kijidudu kilichozoea dhiki moja huweza mara nyingine kuvumilia na dhiki ya namna nyingine.

Joto. Maziwa yakipashwa moto yakawa ya vuguvugu tu, vijidudu havifi. Hutengeneza ndani yao protini za kujikinga na moto, na vikikutana na moto mkubwa zaidi baadaye huchukua muda mrefu zaidi kufa. Tena uvuguvugu ule ule ndio vinaoupenda kwa kuzaa. Viwandani maziwa hutiwa moto wa nyuzi 63 za Sentigredi kwa dakika 30 kamili, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wewe usiye na kipimajoto, yachemshe mpaka yaumuke, huku ukiyakoroga, kisha uyapoze upesi kwa kuweka sufuria ndani ya maji baridi. Nyama nayo ipikwe mpaka ndani. Kuku akikatwa karibu na mfupa na kutoa maji mekundu, bado hajaiva.

Uchachu. Watu wengi huamini kwamba maziwa yakiganda yamekwisha kuwa salama, kwa sababu uchachu huua vijidudu. Ni kweli kwamba uchachu huzuia vingi. Lakini maziwa mabichi huchachuka polepole, na upole huo huvipa vijidudu vibaya nafasi ya kuzoea. Mwaka 1991, huko Massachusetts katika nchi ya Marekani, watu 23 waliugua kwa E. koli ya aina mbaya iliyokuwamo katika maji ya tofaa yasiyotiwa moto, nayo ni machachu kuliko mtindi mwingi. Kwa hiyo ukitaka mtindi, chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe, kisha tia mbegu ya mtindi mzuri. Hivyo vijidudu vyema huingia katika nyumba isiyo na adui.

Baridi na chumvi. Friji hupunguza mwendo wa vijidudu vingi, lakini Listeria huendelea kuzaa humo polepole, na huvumilia chumvi pia. Katika miaka ya 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipatwa na ugonjwa wa Listeria uliotoka katika nyama iliyosindikwa, ya aina ya soseji zilazo baridi. Waliougua walizidi 1,000, na waliokufa walizidi 200, wakiwamo watoto wachanga wengi. Kwa hiyo chakula cha friji kisikae siku nyingi, na kikitolewa kipashwe moto mpaka kitoe mvuke. Mwanamke mwenye mimba asinywe maziwa mabichi kamwe.

Ukavu. Kinyesi cha kuku kilichokauka si kinyesi kilichokufa. Salmonela huweza kukaa kavu kwa miezi mingi, katika mavumbi ya banda, katika chakula cha kuku na katika samadi. Samadi mbichi isitiwe katika bustani ya mchicha, sukuma wiki au nyanya. Ifanye rundo pamoja na majani makavu, ilowanishe kidogo, ipate joto lake yenyewe. Kisha igeuze mara kwa mara ili ile ya nje iingie ndani. Kwa maana pembeni mwa rundo joto ni dogo, na humo vijidudu hubaki.

Utando. Pitisha kidole ndani ya dumu la plastiki ambalo limewekewa maziwa kwa muda mrefu. Ukiona utelezi, hiyo ndiyo nyumba ya vijidudu. Hujishika ubavuni, hujifunika kwa ute wao wenyewe, na vikiwa humo hustahimili sabuni, klorini na hata antibiotiki kuliko vikiwa peke yao. Mtu akisuuza dumu kwa maji matupu, ameondoa vile vya juu tu. Tena dumu likiwa na mikwaruzo, utando hujificha mwakwaruzoni, na shingo yake nyembamba haiingizi mkono. Ndiyo sababu ndoo pana ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko dumu, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Hesabu basi mambo haya yote kwa pamoja, utaona kwamba yana mzizi mmoja. Ni kama ndago shambani. Ukizikata juu kwa jembe huku ukiacha vile vibungo vyake chini, umezipalilia tu. Zitarudi nyingi kuliko mwanzo. Dawa ya nusu, moto wa nusu na usafi wa nusu ni kukata ndago juu.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usitoe antibiotiki mpaka mwenye elimu ya mifugo ameona mnyama na kutaja ugonjwa. Dawa iliyomfaa ng'ombe wa jirani huenda isimfae wako.

2. Usitie dawa katika maji au chakula cha wanyama wazima kwa nia ya kuwanenepesha au kuwazuia wasiugue. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wafugaji wa dunia nzima waache desturi hiyo kwa dawa zinazotumiwa pia na watu. Mnyama hunenepa kwa chakula, maji safi na banda kavu.

3. Chanja kuku na ng'ombe kwa wakati wake. Mnyama asiyeugua hahitaji dawa.

4. Ukianza dawa, imalize kama ulivyoagizwa. Usigawe kipimo cha mnyama mmoja kwa wawili. Usiweke kibaki.

5. Andika katika daftari: tarehe, jina la mnyama, jina la dawa, na siku maziwa au nyama itakapokuwa tayari. Mfunge mnyama kitambaa chekundu mguuni au shingoni, ili akamuaye asisahau.

6. Kabla ya kukamua, nawa mikono kwa sabuni, osha kiwele, na ukifute kwa kitambaa safi kikavu. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Mikamuo ya kwanza ya kila titi ikamulie katika kikombe cheusi, utazame kama kuna mabonge.

7. Osha chombo cha maziwa mara tu kinapokuwa kitupu. Kwanza kisuuze, kisha kisugue kwa brashi, maji ya moto na sabuni, kisha kimwagie maji yachemkayo, mwisho kiinamishe juu ya uchanja juani mpaka kikauke. Ukitumia klorini, itumie baada ya kusugua, si kabla, na kwa kipimo kilichoandikwa; mabaki ya maziwa huiondolea nguvu.

8. Chemsha maziwa, pika nyama na mayai mpaka viive ndani. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi usikatie kachumbari kabla ya kuviosha kwa maji ya moto na sabuni.

9. Chakula kilichopikwa kisikae saa nyingi katika joto la nyumba. Kiliwe kingali cha moto, au kipozwe upesi na kupashwa tena mpaka kitoe mvuke kote.

10. Mtu anayehara asikamue wala asipike mpaka amepona.

Pengine utasema, "Mimi ni mkulima mdogo, ng'ombe wangu mmoja na kuku wangu thelathini watadhuru nini?" Ujue kwamba vijidudu havina mpaka wa shamba. Maziwa yako huchanganywa na ya wengine, kuku wako huuzwa mnadani, maji ya mvua hupita bandani mwako na kwenda kisimani mwa kijiji. Waliobadilisha kupe wa Afrika Kusini hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja aliogesha mifugo yake tu.

Nayo dawa mpya hazipatikani kwa wepesi. Kila dawa iliyoharibiwa kwa kutumiwa ovyo ni silaha moja iliyoondolewa mkononi mwa mganga wa zahanati yako, naye atakuwa hana jingine la kumpa mtoto. Wazee walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Kijidudu ni kidogo kuliko mwiba. Basi kama umeamua kukipiga, kipige mpaka kife. Na kama hapana sababu ya kukipiga, usikifundishe vita.